Juha Kalulu Mlangoni pa Chuo: Uhakiki wa Kiswahili na Kimya Chake Kuhusu Katuni

Utangulizi

Tarehe 24 Desemba 2024, mkesha wa Krismasi, mchoraji kijana Gideon Kibet, ambaye wasomaji wake walimjua kwa jina la Kibet Bull, alitekwa nyara jijini Nairobi. Alikuwa mmojawapo wa vijana kadhaa waliotoweka katika majuma hayo ya mwisho wa mwaka baada ya kusambaza mitandaoni picha na maneno ya kumkejeli Rais William Ruto. Polisi walikana kwamba wao ndio waliowashika. Tarehe 6 Januari 2025 Kibet alipatikana akiwa hai, na baadhi ya wenzake wakaonekana pia.

Mkasa huo uliandikwa na magazeti, ukajadiliwa na mawakili, ukapingwa barabarani na raia. Kila aliyezungumza alizungumza juu ya mwili wa mchoraji: uko wapi, nani anao, utarejeshwa lini. Hilo ndilo lililostahili kutangulia. Hata hivyo, baada ya mwili kurejea lilibaki swali ambalo si la wakili wala la mwandishi wa habari: michoro ile ilisema nini, na ilisemaje hata ikahesabiwa kuwa na uzito wa kumtia mtu hatarini? Swali hilo ni la mhakiki wa fasihi. Mhakiki hakulijibu, na lililo chungu zaidi ni kwamba hakuna aliyetarajia angelijibu.

Hoja ya makala haya ni moja. Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili katika vyuo vikuu vya Kenya umeitelekeza katuni, na kwa kuitelekeza umeiacha mikononi mwa wasomaji watatu: soko, mfadhili na dola. Kati ya hao watatu, dola ndiyo iliyoisoma kwa makini zaidi. Taaluma inayojinasibu kuwa mlinzi wa maana za matini haiwezi kukubali kwamba msomaji hodari wa tashtiti nchini ni yule anayeisoma kwa nia ya kuinyamazisha.

Kwa ajili ya mjadala huu, katuni ni jina la jumla. Chini yake mna katuni ya tahariri, yaani mchoro mmoja unaotoa maoni juu ya tukio. Kikaragosi, yaani mchoro wa mtu ambaye sura yake imetiwa chumvi. Na komiki au hadithi ya picha, ambayo husimuliwa kwa visanduku vinavyofuatana. Neno kibonzo limetumiwa kwa vyote vitatu. Kuyumba huku kwa istilahi ni ushahidi wa kwanza wa uzembe unaolalamikiwa hapa. Taaluma ambayo haichoki kupambanua tarbia na takhmisa haijapata wasaa wa kukubaliana juu ya jina la kile ambacho msomaji wa gazeti hukitazama kabla hajaigusa tahariri.

Kengele ni Fasihi, Katuni Sivyo

Pingamizi dhidi ya katuni ni tatu, na zote hutolewa kwa sauti ya upole, kama mambo yasiyohitaji kuthibitishwa. La kwanza ni kwamba fasihi ni sanaa ya lugha ilhali katuni ni sanaa ya picha. La pili ni kwamba katuni ni kitu cha siku moja. Kesho yake gazeti hufungiwa maandazi. La tatu ni kwamba lugha ya katuni ni ya ovyo, yenye Sheng na matusi, na kwa hiyo haifai kuingizwa darasani.

Pingamizi la kwanza lingekuwa na nguvu kama lingetolewa na taaluma nyingine. Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufundishwa, chini ya fasihi simulizi, kipera kiitwacho ngomezi, yaani sanaa ya kupasha ujumbe kwa milio ya ngoma. Vitabu vya kiada huongeza ngomezi za kisasa, na miongoni mwa mifano yake hutajwa kengele ya shule na king'ora cha gari la wagonjwa. Haya ni mafunzo mema, kwa kuwa yanampa mwanafunzi fikra kwamba maana ya kisanaa haikai ndani ya neno peke yake. Lakini taaluma iliyokwisha kukiri kwamba king'ora ni fasihi haina uso wa kumfungia mlango Juha Kalulu, ambaye ana jina, ana tabia, ana visa na anazungumza Kiswahili, kwa hoja kwamba amechorwa pua.

Isitoshe, Mswahili hakungoja gazeti ndipo ajifunze kusoma neno na picha kwa pamoja. Leso ina pindo, ina mji na ina jina. Mwenye kuivaa hulichagua jina kwa kumlenga mtu, na mlengwa huusoma mwili mzima wa vazi: rangi, ua, korosho iliyochorwa, maneno yaliyo chini yake, na hata namna lilivyofungwa na mahali lilipovaliwa. Kijembe cha leso kimeandikiwa tasnifu, na ni haki yake. Ni vigumu kufahamu kwa nini neno lililo chini ya korosho liwe fasihi, kisha neno lililo ndani ya kiputo juu ya kichwa cha waziri liwe mzaha tu.

Pingamizi la pili linaisahau historia ya ushairi wenyewe. Muyaka wa Haji wa Mombasa alitunga kwa ajili ya siku yake. Mashairi yake yalikuwa majibu kwa matukio: vita, mahusiano ya Mombasa na Lamu na Zanzibar, njaa, mikopo, mapenzi na mafarakano ya mtaani. Yalikuwa ya siku moja kama ilivyo katuni, na yangepotea nayo lau Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor wasingeyakusanya, na lau William Hichens asingeyachapisha mwaka 1940. Muyaka hakuwa mshairi mkubwa kwa sababu alihifadhiwa. Alihifadhiwa kwa sababu walikuwapo watu waliotambua ukubwa wake mapema kabla karatasi na kumbukumbu hazijaoza. Kusema kwamba katuni haistahili uhakiki kwa kuwa hupotea ni kuufanya uzembe wa mhifadhi kuwa kosa la msanii.

Pingamizi la tatu, lile la lugha, litajibiwa mbele kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Kwa sasa yatosha kukumbusha kwamba mlango huu umewahi kufungwa mbele ya wengine. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipopendekeza chuoni Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo, waliambiwa kwamba wanashusha viwango. Mwaka 1974 Kezilahabi alipotoa Kichomi, wapo walioshika mizani na vina mkononi wakasema hayo si mashairi. Leo fasihi simulizi na mashairi huru hutahiniwa kote. Waliopigana vita hivyo, pamoja na wanafunzi wao, ndio wanaokalia viti vya idara. Yastaajabisha kwamba watu walioingia kwa kuvunja mlango wamekuwa mabawabu wakali namna hii.

Wasomaji Watatu

Maadamu mhakiki hayupo, nani ameisoma katuni ya Kenya?

Wa kwanza ni soko. Soko limekuwa msomaji mwenye hamu nyingi na kumbukumbu fupi. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi na Hilary Ng'weno pamoja na Terry Hirst mwaka 1973, lilimpa mtu wa kawaida wa mjini uso na sauti, kisha likafa mwaka 1979. Bogi Benda, aliyebuniwa na Mganda James Tumusiime alipokuwa Nairobi, aliwachekesha wasomaji wa Nation; mchoraji wake baadaye alirudi Uganda akaanzisha Fountain Publishers, shirika lililochapisha vitabu vingi vya wasomi wale wale ambao wasingethubutu kumtaja Bogi Benda katika tanbihi. Miaka ya 1980 ilileta Pichadithi, mfululizo wa ngano na visa vya mashujaa kama Lwanda Magere katika visanduku vya rangi. Jina lake lilikuwa ndoa nzuri ya picha na hadithi, lakini ndani yake hadithi zilisimuliwa kwa Kiingereza.

Jaribio ambalo lingepasa kuiamsha idara ya Kiswahili ni lile la Sasa Sema Publications. Mwaka 1996 kampuni hiyo ya Nairobi ilitoa Abunuwasi, kitabu cha Gado, na katika miaka iliyofuata ikatoa vingine, kama Macho ya Mji cha Ruth Wairimu Karani na Manywele cha Kham. Hivi vilikuwa vitabu kamili vya komiki, vilivyotungwa kwa Kiswahili na wasanii wa hapa nchini, vikauzwa katika maduka yale yale yaliyouza riwaya teule. Mhakiki aliyekuwa akitafuta utanzu mpya wa fasihi ya Kiswahili hakuwa na haja ya kusafiri. Katika Abunuwasi alikuwa na swali lililoiva: ngano iliyozoea kukaa mdomoni mwa msimulizi, ambaye humficha mjanja nyuma ya sauti yake, hubadilika vipi pale mjanja anapochorwa na kuonekana kabla hajatenda? Msikilizaji wa ngano hugundua ujanja pamoja na tajiri aliyedanganywa. Mtazamaji wa komiki huuona katika jicho la Abunuwasi kisanduku kimoja kabla ya tajiri. Hiyo ni tofauti ya mtazamo wa usimulizi, na ingeweza kulisha semina ya muhula mzima. Sasa Sema baadaye iliingia chini ya mwavuli wa Longhorn, na semina haikufanyika.

Msomaji wa pili ni mfadhili. Mwaka 2010 ilianza Shujaaz, komiki ya shirika la Well Told Story, iliyozungumza Sheng na kugawiwa bure ndani ya gazeti. Mhusika wake mkuu, DJ Boyie, ni kijana anayerusha matangazo ya redio kwa siri. Mwaka 2012 Shujaaz ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Wachoraji na waandishi wake ni mahiri, na ukweli huo haupunguzwi na hili linalofuata. Komiki inayolipiwa ili ifundishe kilimo, afya au uraia mwema hupimwa kwa vipimo vya anayelipa: ni vijana wangapi wamebadili tabia? Hicho ni kipimo halali cha mradi. Si kipimo cha sanaa. Je, kituo cha redio cha siri ni sitiari ya nini katika nchi ambayo vijana wake wana mengi ya kusema na mahali pachache pa kuyasemea? Swali hilo halina nafasi katika ripoti ya mradi, na uhakiki, ambao ndio makao yake, umeliacha likirandaranda.

Msomaji wa tatu ni dola, na huyu hasinzii. Katika enzi ya chama kimoja Rais hakuchorwa. Alikuwa juu ya wino. Kifungu cha 2(A) cha katiba kilipofutwa mwezi wa Desemba 1991 wachoraji walianza kuusogelea uso huo hatua kwa hatua, na waliosoma magazeti wakati ule hawakuhitaji kuelezwa kwamba kila pua iliyorefushwa ilikuwa mpaka uliosogezwa. Vifungu vya uchochezi viliondolewa katika sheria mwaka 1997, na katiba ya 2010 ikaulinda uhuru wa kujieleza pamoja na ubunifu wa kisanaa. Ila dola ya Afrika Mashariki haikuacha kusoma. Januari 2015 serikali ya Tanzania ililipiga marufuku gazeti la The EastAfrican kwa hoja ya usajili, katika kipindi kile kile ambapo gazeti hilo lilikuwa limechapisha katuni ya Gado iliyomkejeli Rais Jakaya Kikwete. Gado akaenda likizo ndefu, na mwaka 2016 mkataba wake na shirika la Nation haukuendelezwa. Septemba 2021 mchoraji Optatus Fwema alikamatwa Dar es Salaam kwa ajili ya katuni iliyomhusu Rais Samia Suluhu Hassan. Kisha yakaja ya Desemba 2024 jijini Nairobi.

Yafaa kutua hapa. Nani katika orodha hii amefanya kazi ya mhakiki? Nani amesoma ishara, akatambua kinaya, akakadiria athari yake kwa hadhira na kutoa hukumu? Soko limehesabu nakala, mfadhili amehesabu tabia. Aliyeisoma katuni kama matini yenye maana iliyofichwa ni yule aliyeiogopa. Usomaji wake ni wa hila na hukumu zake ni za dhuluma, ila hakuudharau utanzu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu ulioota tende hapa ni wa idara.

Kivuli na Fumbo

Inaweza kuulizwa ni nini hasa mhakiki angelisema, na kama lingekuwa zaidi ya kurudia kwa maneno kile ambacho mchoro umekwisha kusema. Mifano miwili yatosha.

Gado, katika miaka ambayo Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, aliwachora wakiburura tufe la chuma kwa mnyororo uliofungwa mguuni. Kesi ya kwanza iliondolewa mwaka 2014 na ya pili ikakomeshwa mwaka 2016, lakini kwa muda wote huo tufe lilirudi katika michoro ya aina nyingi: katika shughuli za serikali, safarini, sherehani. Msomaji wa magazeti huona mzaha unaorudiwa. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili anapaswa kuona kibwagizo. Katika shairi la kimapokeo kibwagizo hakiongezi habari mpya. Kazi yake ni kuirudisha kila beti, hata iliyotaka kuzungumzia jambo jingine, kwenye kauli ambayo mtunzi hakubali isahaulike. Tufe la Gado lilifanya kazi hiyo hiyo. Mada ya siku ilibadilika, kibwagizo kikabaki, na maana yake ikawa kwamba hakuna habari ya siku inayoweza kusomwa mbali na habari ile moja. Huu ni muundo, wala si mzaha, na istilahi ya kuueleza ilikuwapo katika Kiswahili tangu zamani. Haikutumiwa.

Mfano wa pili ni vile vivuli vya Kibet Bull. Kikaragosi cha kawaida hufanya kazi kwa kuongeza: pua hurefushwa, tumbo hufurishwa, jino huchongoka. Kivuli hufanya kazi kwa kupunguza. Macho yameondolewa, mdomo umeondolewa, mavazi yamemezwa na weusi. Umebaki mpaka wa umbo peke yake. Hata hivyo mtazamaji humtambua mwenye umbo papo hapo. Kwa kufanya hivyo mchoraji amelihamisha jukumu la kutaja jina. Yeye hakutaja, aliyetaja ni mtazamaji, kimoyomoyo, na mara tu anapotaja ameshiriki katika tendo la kejeli. Wenyeji wa mapokeo ya Kiswahili watalijua jambo hili kwa jina lake: ni fumbo. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hulifumbua. Mshairi wa Mombasa aliyemsema mtawala kwa jina la ndege au chombo cha baharini alitegemea mkataba huo huo na hadhira yake, na alijikinga kwa ngao hiyo hiyo: anayedai kwamba ametukanwa ndiye anayekiri kwamba amejiona.

Hapa ndipo penye kinaya kikubwa cha mkasa wa Desemba 2024. Kivuli ni mbinu ya tahadhari na ya ujasiri kwa wakati mmoja. Aliyekasirishwa nacho, awaye yeyote, alilifumbua fumbo, akalijaza uso, akathibitisha kwamba umbo la mamlaka limekwisha kuwa ishara ya umma inayoweza kuchukuliwa na kijana yeyote mwenye simu. Fasihi ya Kiswahili imekuwa na wataalamu wa fumbo kwa zaidi ya karne mbili. Ilipofika siku ya fumbo kumgharimu mtu uhuru wake, wataalamu walikuwa wakisahihisha mitihani.

Kiputo Kinasema Lugha Gani?

Sasa lirudiwe pingamizi la lugha, maana humo wachoraji nao wana deni.

Katuni ya tahariri nchini Kenya imekua hasa katika magazeti ya Kiingereza. Humo Kiswahili hakikosekani, lakini nafasi kinayopewa ni ya kutiliwa shaka. Aghalabu waziri, mwanasheria na mchambuzi husema Kiingereza. Kiswahili huachiwa bawabu, mama mboga, kondakta wa matatu na askari wa doria, na mara nyingi huwa Kiswahili kilichovunjwa ili kichekeshe. Kwa mgawanyo huo Kiingereza kinakuwa lugha ya hoja na Kiswahili kinakuwa lugha ya kicheko. Ni kweli kwamba wapo waliouvuruga mgawanyo huo kwa makusudi. Maddo, katika ukurasa wake wa kila juma kwenye The Standard, aliziacha lugha zikanyagane kama zinavyokanyagana barabarani, hata ikawa vigumu kusema ni ipi inayomcheka mwenziwe. Lakini kawaida ni ile, na inahitaji kukosolewa na watu wanaojua nini hupotea lugha inapofanywa kikaragosi.

Tofauti huonekana mara mtu avukapo mpaka. Katika gazeti la Uhuru, tangu miaka ya 1960, Chakubanga wa Christian Gregory alizungumza Kiswahili kwa sababu nchi yote ilizungumza hivyo. Jarida la Sani, lililoanza katika miaka ya 1970, lilijaza kurasa zake na kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge, nao walidanganya, walipenda, waliiba, walilewa na kufalsafa kwa lugha hiyo moja. Kingo wa James Gayo na kipanya wa Masoud Kipanya waliuendeleza mkondo huo. Kiswahili hapo hakikuwa kibaraka wa lugha nyingine, bali kilibeba ujinga na hekima pia. Mhakiki wa Kenya anayelalamika kwamba lugha ya katuni ni duni angepaswa kuanza na ulinganisho huu, ambao ungemwonyesha kwamba uduni haumo katika utanzu. Umo katika uhusiano wa lugha ndani ya jamii, na katuni imeuanika tu.

Kenya yenyewe ina jibu lake, tena la zamani. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi, muda mrefu kuliko maisha ya majarida mengi ya kitaaluma. Jina hilo peke yake ni insha. Juha ni yule mpumbavu wa hekaya zilizokuja na upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni, jamaa wa Abunuwasi. Kalulu ni sungura katika lugha kadhaa za Kibantu za kusini na kati ya Afrika, mjanja wa ngano za bara. Pwani na bara, mpumbavu na mjanja, wamefungwa katika mtu mmoja. Wasomi wameandika majuzuu juu ya asili ya Kiswahili na ndoa yake ya Ubantu na Uarabu. Mchoraji wa gazeti aliiweka katika maneno mawili na kuipa miguu. Waliomsoma wakiwa watoto ndio walimu wa leo. Wengi wao walijifunza kusoma Kiswahili kwa furaha katika kisanduku chake, kisha wakaona haya kumtaja walipofika chuoni.

Deni la wachoraji halikomei kwenye lugha. Wanawake huchorwa mara nyingi kama mapambo ya kisa, makabila hugawiwa pua na lafudhi, na idadi ya wanawake wanaoshika kalamu hiyo ni ndogo mno. Celestine Wamiru, aliyefahamika kwa jina la Celeste, anakumbukwa kama mwanamke wa kwanza kuchora katuni za tahariri katika magazeti ya Kenya. Haya ni makosa, na uhakiki haudaiwi hapa ili usifu. Unadaiwa ili uhukumu kwa haki. Frank Odoi, Mghana aliyehamia Nairobi na kufa katika ajali ya matatu mwaka 2012, aliigeuza macho simulizi ya kikoloni katika Golgoti, ambapo Mzungu mgeni ndiye anayetazamwa na kustaajabiwa. Mtu angeweza kuuliza kama Golgoti iliwapindua watazamwa na watazamaji, au iliwabadilishia viti tu na kuacha jumba la maonyesho likisimama. Swali kama hilo humheshimu msanii kuliko tanzia kumi.

Hitimisho

Yaliyoandikwa yapo, na ni aibu kutazama yameandikwa na nani na wapi. Historia ya uchoraji katuni nchini Kenya, Drawing the Line ya mwaka 2004, iliandikwa na mchoraji mwenyewe, Patrick Gathara, kwa Kiingereza. Uchunguzi juu ya komiki za mwanzo za Kiswahili uliandikwa na mtafiti Mjerumani, Jigal Beez, katika kitabu kilichohaririwa nchini Marekani na John A. Lent mwaka 2009. Wote wanastahili shukrani. Lakini msanii amelazimika kuwa mwanahistoria wa ufundi wake, na mgeni amelazimika kuwa msomaji wa lugha ya wenyeji, kwa kuwa aliyelipwa mshahara wa kazi hiyo alikuwa akishughulika na mengine.

Yanayotakiwa hayahitaji fedha nyingi. Kwanza ni hifadhi: magazeti ya zamani yaliyomo maktabani yapekuliwe na michoro yake iorodheshwe, na michoro ya mitandaoni, ambayo hufutika kwa kidole kimoja, inakiliwe ikiwa na tarehe zake. Pili ni istilahi: kisanduku, kiputo, kikaragosi, kivuli na mengineyo yapatiwe maana zilizokubaliwa, kama ilivyofanywa kwa bahari za ushairi. Tatu ni somo: katuni iingie katika mtaala wa shahada ya kwanza kama kipera cha fasihi ya Kiswahili, si kama kichekesho cha saa ya mwisho wa muhula. Wanafunzi wa uzamili humtaja Bakhtin na kicheko chake cha kanivali katika kila tasnifu. Waruhusiwe sasa kwenda kukitafuta kicheko chenyewe mahali kilipo.

La nne ndilo zito. Sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya mwaka 2018 ilifanya uchapishaji wa habari za uongo kuwa kosa. Kwa maneno yake, kejeli ni uongo: hakuna aliyewahi kumwona Rais akiburura tufe la chuma. Siku mchoraji atakapofikishwa mahakamani kwa kosa la namna hiyo, wakili atajua vifungu, na daktari ataweza kueleza majeraha. Atahitajika shahidi wa tatu, wa kumweleza hakimu kwamba kutia chumvi si kudanganya, kwamba fumbo lina kaida zake, kwamba hadhira ya Kiswahili imekuwa ikizijua kaida hizo tangu kabla mahakama yenyewe haijajengwa. Shahidi huyo hawezi kusomeshwa kwa usiku mmoja. Ni lazima awe amekwisha kuandika, kufundisha na kubishana na wenzake juu ya katuni kwa miaka.

Kwa sasa, akiitwa, hayupo. Juha Kalulu angali amesimama mlangoni pa chuo na gazeti lake kwapani, anasubiri kuulizwa jina.